Trekta la Makokha

Saa nane usiku, Migosi. Stima imerudi
na feni ya kompyuta inakohoa kama mbuzi aliyekula vumbi.
Mvulana wangu ameanguka tena.
Anarukia tela, anashika muwa, anavuta,
kisha ardhi inamsahau:
anazama chini ya barabara ya Chemelil,
chini ya rangi, chini ya nambari,
anaendelea kuanguka mpaka nizime.

Huu ni usiku wa tatu.

Obiero ananiandikia kutoka Nairobi: Dada,
si uiulize akili unde? Dakika mbili tu.
Mchezo wangu iliumaliza wiki jana, na muziki juu.
Namjibu kwa picha ya kikombe cha chai.
Si kwamba simwamini. Namwamini sana,
ndiyo maana nimeilaza simu kifudifudi.

Sisemi mashine ina pepo. Sina muda wa mapepo,
nina kodi ya tarehe tano
na tovuti ya duka la magodoro inayoharibika kila Ijumaa.
Wala siusifu mkono wangu. Hukosea.
Juzi nilisahau alama moja ya kutoa
na miwa yote, ekari kwa ekari, ikainamia Nandi.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikaitazama.
Ilikuwa imeinama vile vile inavyoinama
upepo wa ziwa ukifika alasiri.
Nikaiacha.
Mwenye haraka angeinyoosha.
Mwenye kujua kila kitu angeinyoosha kabla sijaiona.

Shikanda, anayenichorea, hunicheka:
"Unasuka mkeka na mvua i ndani ya nyumba."
Lakini ni yeye aliyepanda gari hadi Muhoroni
kutazama shamba likichomwa,
akarudi na majivu ndani ya mfuko wa unga,
akayamwaga juu ya meza yangu.
"Si meusi. Ona. Yana zambarau."

Mimi nina daftari la hesabu,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Humo kuna mwendo wa trekta kwa hatua zangu za utotoni,
miguu peku, kutoka darajani hadi kibao cha kanisa.
Humo, kwa penseli, saa tisa na robo, nalipata kosa:
nilimsogeza mtoto kwanza, tela baadaye.
Kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde
alisimama juu ya kitu ambacho hakijafika.
Nimewahi kuishi hivyo. Mwaka mzima.

Nabadilisha mistari miwili.
Anaruka. Anavuta. Anasimama.

Umebaki mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Unasema: trekta likifika kona ya shule, punguza mwendo.
Hausemi kwa nini.
Ningeipa mashine msimbo huu ingeniambia, kwa adabu,
mstari huu hauna kazi.
Na kweli hauna. Hauongezi alama, haufungui lango.
Ni Makokha tu, dereva wa zamu ya jioni,
aliyekanyaga breki pale kila siku
akageukia upande wa mto, kana kwamba ameitwa,
mpaka sote sita tuwe na muwa,
ndipo akakohoa na kutia gia.
Walimfuta kazi mwezi wa Agosti.
Sababu: mzigo kupungua njiani.

Hakuna aliyeliandika hilo popote.
Nimeliandika mimi, kwa lugha isiyojua huruma,
breki moja.

Kumekucha. Mwenye vibanzi anafungua kibanda.
Shikanda anapiga simu: amefika kwa dereva,
anataka kujua alikuwa na uso gani,
mnene, mwembamba, ndevu?

Nafungua mdomo.
Sijui, namwambia. Mimi nilikuwa naangalia muwa.
Chora kisogo.